Siti Hakupiga Magoti

Mwera, Pangani
3 Mei 1954

Kwa mume wangu Miraji, mjukuu uliyenikimbia ukaenda kunenepa Chumbageni,

Salamu zangu zikukute mzima, na kama u mgonjwa zikuamshe, maana nina maneno ya kukupa. Sisi huku wazima. Mama yako Chiku goti linamsumbua kila masika, na kuambiwa akae hasikii. Mbuzi wa Shekhe kaingia uani kwangu kala ukili wote wa mikeka niliouanika. Nimemfunga hapa mpaka aje aombe radhi. Shekhe, si mbuzi. Ramadhani inaingia kesho au kesho kutwa, tunangoja mwezi, nawe ufunge, usinisingizie kazi ya bandarini.

Naandika mwenyewe kwa herufi zangu za chuoni, za Kiarabu, usije ukasema nimetiliwa maneno. Hizo zako za kizungu sizijui, na uzeeni sizitaki.

Bunda la makaratasi ya hadithi yako Uweso alilileta na lori lake, halikulowa, na pamoja na barua hii analirudisha. Nilimpa Praxeda asome. Praxeda unamjua, mke wa msimamizi wa shamba la mkonge, Mkatoliki, kasomeshwa na masista, anazimeza herufi kama maji. Tulikuwa pwani tunaponda makumbi ya nazi, kila mwanamke na gongo lake, yeye kakaa juu ya jiwe anatusomea. Sasa nikwambie jambo ambalo shuleni hawakukufundisha. Mwanamke anayeponda makumbi mikono yake ina kazi lakini masikio yake hayana. Hadithi ikimshika, gongo lake linabaki hewani. Isipomshika, linashuka.

Mume wangu, magongo yalishuka. Asubuhi nzima po, po, po, mpaka Praxeda akakaukwa koo. Yalisimama mara moja tu, pale mama yake Siti anapomwambia mkwewe, "Kaa kwanza ule, matusi yako utayakuta hapa hapa ulipoyaacha." Hapo hata mimi gongo lilinibaki mkononi. Halafu ukatuletea mwezi! Ukurasa mzima mwezi unachomoza, unachomoza, kama una mkongojo. Sisi mwezi tunao huku, hatuhitaji wa karatasi.

Na Siti akigombana na mumewe anasema, "Ewe mume wangu mpenzi, mwenendo wako umenisikitisha mno." Nani kakudanganya kuwa mke hugombana hivyo? Huyo ni karani wa boma anasoma tangazo. Mke akikasirika anauliza ndoo iko wapi. Ndoo iko mbele yake, na mume anajua kwamba si ndoo inayoulizwa.

Hadithi yako ni makumbi mabichi. Unalijua kumbi: ukiliponda siku ile ile linakurushia maji machoni na usumba, zile nyuzi zake, hupati hata wa kufungia kuku. Linafukiwa kwenye tope, linawekewa mawe juu, bahari inalipanda na kulishuka mpaka yanaoza yale yasiyotakiwa. Ndipo unaponda, ndipo unasokota kamba. Wewe umeangua nazi jana na leo unataka kuuza kamba.

Na huyo Siti, anayekaa juu ya shimo lake la makumbi huku bahari inajaa, kwa kuwa mumewe kaliuza kwa mchuuzi bila kumwambia, sijui umemtoa wapi. Mama yako anaapa hajafungua kinywa. Pale pwani wote walinigeukia. Nikawaambia, pondeni.

Mimi bibi yako na mkeo,
Mastura binti Mselem


Chumbageni, Tanga
29 Mei 1954

Kwa bibi yangu mtukufu, Bi Mastura binti Mselem,

Shikamoo, bibi. Shikamoo tena kwa niaba ya wote ninaoishi nao. Mfungo unakwenda vizuri ingawa joto la bohari la mkonge halina huruma kwa karani wala mchukuzi. Mwambie mama nimempata mtu wa kumletea mafuta ya kuchua goti. Mfungulie Shekhe mbuzi wake, bibi, mwezi huu ni wa kusameheana.

Barua yako niliisoma taratibu, maana herufi za chuoni zimeanza kunipotea, hata hizi ninazokuandikia nazitafuta moja moja, na nilipofika kwenye mwezi na mkongojo niliiweka chini nikatoka nje kidogo. Siwezi kukuficha, iliniuma. Hadithi ile niliiandika miaka miwili. Hata hivyo mwezi nimeufuta, na ndoo nimeiweka.

Sasa habari kubwa. Mtaa wa pili na wangu yupo Bwana Fanueli, zamani mwalimu, sasa ana mtambo wa chapa. Huchapa kadi za harusi na kalenda. Moyo wake unataka kuchapa kitabu cha hadithi kilichoandikwa na mtu wa hapa hapa kwetu, nami nilimpelekea kurasa za kwanza, zilizobaki nikamsimulia. Bibi, amesema atakichapa! Kitakuwa na jalada, na juu ya jalada jina langu. Hebu fikiri, mtu atakishika kitabu Muheza sokoni na hanijui, lakini ananisoma.

Ana sharti moja. Anasema kitabu lazima kimfunze kijana. Mwanamke aliyemshinda mumewe mbele ya watu hawezi kuachwa hivi hivi mwisho wa hadithi. Kwa hiyo Siti arudi, ampigie mumewe magoti, aombe radhi, wakae pamoja hadi uzee. Na kitabu kiitwe Majuto ya Siti. Si sharti gumu, ukilitazama.

Nina swali moja, nawe usikasirike. Sehemu ya majini bado haijanikaa. Wewe ulipokuwa, yaani Siti alipokuwa amekaa pale na maji yanapanda, alikuwa akiwaza nini?

Mjukuu wako mtiifu,
Miraji


Mwera
20 Juni 1954

Kwa Miraji, karani wa bohari,

Leo sikuiti mume, soma uone sababu.

Idi ilipita salama. Mafuta yamefika, mama yako anajichua na anatembea, ananuka kama duka la dawa. Mbuzi nilimrudisha siku ya Idi, na Shekhe aliomba radhi kwa kuniletea sahani ya biriani, nikaipokea kimya kimya tukaelewana. Bi Mkubwa wa nyumba ya pili kajaliwa mjukuu wa kike. Jina bado wanagombea.

Swali lako silijibu. Mtu mzima haulizwi alikuwa akiwaza nini. Muulize huyo Fanueli anawaza nini, maana ndiye anayejua mioyo ya wanawake wa Mwera na yeye hata pantoni ya Pangani hajaivuka.

Nimewasomea wanawake barua yako. Ndiyo, yote, pwani, ulidhani ni siri? Nilipofika kwenye magoti magongo yalisimama, lakini si kwa uzuri. Praxeda akasema, "Bi Mastura, mimi napiga magoti kila Jumapili, lakini nampigia Mungu. Huyu anampigia nani?" Wakacheka mpaka mmoja akaangusha gongo kwenye maji.

Majuto ya Siti! Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu wangu ni wewe, basi angalia sana usije ukawa majuto yangu.

Sikiliza wewe mtoto. Babu yako Safari aliuza makumbi yangu. Niliyakusanya mimi, nikayafukia mimi, mawe nikayabeba mimi. Yeye alikwenda kwa mchuuzi akasema, mke wangu ana shimo, njoo na watu wako ufukue. Nilikwenda nikakaa juu yake. Bahari ikaja. Mchuuzi alipoona maji yananifika kiunoni akaondoka na watu wake. Babu yako akabaki amesimama ufukweni na kanzu yake nyeupe, akaita, "Mastura, toka, au nakuacha!" Nikamwambia, "Niache hapo hapo uliposimama, usije ukalowa." Akaniacha. Nchi nzima ilisikia. Nikarudi kwa mama yangu na nguo majimaji. Hayo ndiyo yaliyotokea. Nimekwambia mimi mwenyewe sasa, huna haja ya kuokota kwa watu.

Goti langu halikugusa mchanga. Liandike gumu au liandike laini, lakini chini usiliweke.

Mastura


Chumbageni
25 Julai 1954

Kwa bibi yangu,

Shikamoo. Nakutumaini u mzima. Mimi nilipata homa ya siku chache, nimepona. Mwambie mama asiuze yule jogoo, nitakuja Idi ya kuchinja Mungu akijalia, ingawa ruhusa ya kazi haijatoka.

Bibi, nimekubali sharti la Bwana Fanueli.

Najua utakavyosema. Lakini tazama upande wangu. Hapa Tanga wapo vijana wanaoandika mashairi kwenye gazeti, wanachapwa leo, kesho wanafungiwa bisi. Kitabu ni kitu kingine. Nikimkataa Bwana Fanueli, nani mwingine? Nitakaa bohari mpaka ndevu ziwe nyeupe, na Siti atabaki chini ya mto wangu. Si bora asomwe akiwa amepiga magoti kuliko asisomwe kabisa? Na kupiga magoti si kufa. Watu wawili waliogombana wakapatana, ubaya uko wapi?

Nimeandika mwisho mpya. Nimeandika yote upya kwa mwandiko safi, na karatasi za zamani mama mwenye nyumba kawashia jiko, kwa hiyo bunda hili ni moja tu, hakuna lingine. Nalituma kwako kwa sababu sitaki kitabu kitoke kabla wewe hujakisikia. Nataka radhi yako. Praxeda akisoma, mpe Uweso alirudishe kabla ya mwisho wa Agosti. Bwana Fanueli ameshatayarisha karatasi.

Tafadhali, bibi, lifunge vizuri lisilowe.

Miraji


Mwera
14 Agosti 1954

Kwa Miraji,

Idi tumeila bila wewe. Jogoo yupo.

Bunda nimelipata. Praxeda kasoma mpaka mwisho. Siti kapiga magoti, kalia, mumewe kamwinua, ndege wakaimba. Nani alikwambia ndege wa Mwera huimba mtu akidhalilishwa?

Umesema hakuna bunda lingine. Umesema nilifunge vizuri. Nimelifunga kwa kamba ya usumba wangu mwenyewe, nikalifukia shimoni pamoja na makumbi ya mwaka huu, nikaweka mawe juu. Bahari imeshapanda na kushuka.

Fanueli ampige chapa mke wake.

Bibi yako


Chumbageni
22 Agosti 1954

Bi Mastura,

Shikamoo.

Babu aliuza kitu chako bila kukuuliza, ukakaa baharini, na mpaka leo watu wanakusifu. Wewe umefukia kitu changu bila kuniuliza. Nani anikalie mimi baharini?

Usiniandikie.

Miraji


Mwera
10 Oktoba 1954

Kwa mume wangu Miraji,

Umesema nisikuandikie. Mume wa kwanza aliniambia nitoke majini, unajua nilivyofanya.

Sisi wazima. Mvua za vuli zimeanza mapema. Mjukuu wa Bi Mkubwa hatimaye kaitwa Praxeda, na watu wamesema mpaka wamechoka, mtoto wa Kiislamu kaitwaje hivyo, na Bi Mkubwa anawajibu kwamba Praxeda wetu ndiye mtu pekee anayemsomea bila kusinzia. Mama yako anauliza habari zako kila lori likipita. Mimi siulizi.

Umeniuliza nani akukalie wewe baharini. Maneno yale yalikuwa makali na yalikaa sawa sawa. Hayakuwa na mwezi ndani yake, wala ewe mpenzi. Niliwasomea wanawake, na magongo yalisimama, na safari hii hakuna aliyecheka, mpaka Praxeda akaniambia, "Amekupata, Bi Mastura." Nikamwambia, ndiyo, amenipata. Kumbe unajua kuandika. Ulikuwa unangoja kukasirishwa.

Lakini bunda silifukui. Makumbi hayafukuliwi kabla ya wakati wake.

Mastura


Mwera
2 Desemba 1954

Mume wangu,

Uweso kasema alikuona Tanga, umekonda, na una wino vidoleni. Basi nimejua kinachoendelea. Sikuombi unijibu.

Leo wanawake hawapo, mvua imewafungia nyumbani. Mama yako kalala na goti lake. Nakujibu lile swali.

Mwanzo nilipokaa juu ya mawe nilikuwa na hasira tu, na mtu mwenye hasira hawazi. Maji yakafika miguuni. Kaa akanibana kidole, nikasema moyoni, hata wewe nawe! Yakafika kiunoni. Nilikuwa na njaa, sikuwa nimekula tangu jana, nikawa nawaza muhogo niliouacha jikoni, kama wameula. Halafu nikabanwa na haja ndogo. Mchuuzi kasimama pale, watu wake, mume wangu na kanzu yake, nusu ya kijiji. Nikakojoa hapo hapo. Maji yananifika kiunoni, nani angejua? Nikawatazama usoni wote huku nakojoa, na mchuuzi akainamisha macho, akasema, "Mwanamke huyu si mchezo." Hayo ndiyo maneno ambayo watu wanayasimulia mpaka leo, na hawajui yalitoka wapi.

Halafu yakafika kifuani. Na hapa sijamwambia mtu, hata Chiku mwenyewe. Mama yako alikuwa tumboni, mwezi wa tano, na ilikuwa siku hiyo, ndani ya yale maji, alipopiga teke la kwanza. Ndipo nikaogopa. Niliogopa mpaka meno yakagongana. Nikawaza, Mastura, unamzamisha mtoto kwa ajili ya maganda ya nazi. Nikataka kutoka, mguu mmoja nikauinua. Wakati ule ule babu yako akaita, nakuacha. Nikaurudisha ule mguu.

Wewe uliandika Siti wawili. Wa kwanza hakuogopa kitu, alikaa majini kama jiwe la hirizi, na magongo hayakumtaka. Wa pili alijuta, na mimi sikumtaka. Niliogopa, mume wangu. Kuogopa si kujuta. Kama hujui kutofautisha hayo mawili rudi bohari ukahesabu magunia.

Na kuhusu babu yako. Kwako alikuwa mtu mwema, najua, alikuletea miwa, alikubeba mabegani mpaka Pangani kutazama gwaride. Kila Idi alileta kitoweo mlangoni kwangu mpaka alipokufa. Kitoweo nilikipokea. Yeye sikumpokea.

Choma barua hii au iandike. Sijali.

Mastura binti Mselem


Chumbageni
6 Februari 1955

Mke wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Ni kweli nimekonda, lakini nakula. Mwambie mama nakuja kabla ya Ramadhani, na jogoo sasa ajitayarishe.

Nilikuwa na hasira nawe mpaka mwezi wa tisa. Halafu nikaanza kuandika upya kwa kichwa, kwa kukukomoa, nimwoneshe bibi kwamba hawezi kuifukia hadithi yangu. Nikakuta sikumbuki ukurasa hata mmoja wa mwezi. Sikumbuki ndege. Yale magoti niliyakumbuka, lakini nilipotaka kuyaandika mkono ulikuwa mzito. Nilichokumbuka ni mama wa Siti na chakula, na ndoo, na kanzu nyeupe ufukweni. Basi nikaandika hivyo tu. Ilipokuja barua yako ya Desemba nilikuwa nimefika majini, sijui la kufanya. Sikuichoma.

Nikwambie na mimi langu. Niliposema ni sharti la Bwana Fanueli, nilikuwa nimejificha nyuma yake. Angeniambia aongezewe kitu kingine ningebishana. Hili sikubishana. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakwenda kwako, halafu nakwenda kwa babu, njia ile ile, na kila mmoja wenu ananiuliza yule mwingine amekula nini, na hakuna aliyeniambia nipeleke salamu. Nilitaka muwe nyumba moja, hata kama ni kwenye karatasi. Basi, nimesema.

Niliipeleka kwa Bwana Fanueli. Alisoma nikiwa nimekaa mbele yake. Alipomaliza akavua miwani.

"Mwanamke huyu hajapata adhabu."

"Amelowa, mwalimu."

"Usinitanie. Magoti yako wapi?"

"Hakupiga."

"Na hili la kukojoa? Miraji, wasomaji wangu ni watu wa heshima."

"Hawakojoi?"

Akanifukuza. Ndiyo, alinifukuza, nikatoka na bunda langu kwapani. Nilikuwa nimeshafika kona wakati Ernesti, anayempangia herufi, aliponikimbilia na aproni yake nyeusi. Kumbe alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia Bwana Fanueli akisoma, maana yule mzee husoma kwa sauti ya chini bila kujijua. Akasema, "Bwana anauliza, yule mtoto alizaliwa mzima?" Nikamwambia, alizaliwa, sasa ana goti bovu. Nikarudi.

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Mwisho amekubali: hadithi yote kama ilivyo, na jina ninalolitaka mimi, Shimo la Siti. Lakini anataka ukurasa mmoja wa nyuma kabisa, aandike yeye, kwa jina lake, Neno la Mchapaji, awaonye wasichana wasimwige Siti.

Sijamjibu. Nilikosea mara ya kwanza kwa kukubali bila kukuuliza. Nimkubalie?

Mumeo,
Miraji


Mwera
1 Machi 1955

Mume wangu Miraji,

Jogoo kasikia habari zako, hali vizuri tangu hapo.

Tumefukua shimo. Makumbi yametoa usumba mweupe, mrefu, wa kusifiwa. Makaratasi yako yametoa tope. Kamba niliyolifungia bunda imebaki nzima, nimeiosha, nafungia ndoo.

Kuhusu ukurasa wa Fanueli: mwache aandike. Ana mtambo, ana mdomo, na ana jina lake la kuweka chini. Kinachonikera ni mtu kusema maneno yake kwa mdomo wangu. Akisema kwa mdomo wake namsikiliza, kama nina nafasi.

Na wewe usinipelekee tena mambo ya kuniuliza kila neno. Ungemkatalia, ningekuwa nawe. Ungemkubalia, ningegomba siku mbili. Kitabu ni chako. Shimo ni langu, kitabu ni chako.

Lile la wewe na njia ile ya kwetu wawili nimelisoma. Babu yako alikuwa anapenda dagaa wenye nazi na pilipili nyingi. Ulipokuwa unaniambia hakula, nilikuwa napika wakazidi, nikakutuma uwapeleke kwa Shekhe, na nyumba ya Shekhe iko mbele, ukishaipita yake, na mimi nilijua huwezi kupita kwa babu yako na sufuria bila kusimama. Basi. Usiandike hilo. Au liandike kwenye kitabu kingine.

Mastura


Mwera
17 Julai 1955

Kwa mume wangu Miraji, mwenye jina kwenye jalada,

Salamu zote za kijiji zichukue kwa mkupuo, siwezi kuzitaja, maana tangu vitabu vifike kila mtu ni ndugu yako. Hata wale waliosema mtoto wa Chiku kaharibikiwa na mji. Mama yako goti limepona ghafla, anatembea nyumba hadi nyumba na kitabu chini ya kanga kama kabeba mtoto mchanga. Nilimweleza habari ya teke. Akasema, "Ndiyo maana siogopi kuogelea," akaenda kuteka maji.

Wako wanaume wawili watatu waliowakataza wake zao wasishuke pwani siku ya kusomwa. Walishuka. Mmoja alifuatwa na mumewe mpaka ufukweni, akasimama pale anaita. Wanawake wote tukageuka tukamtazama tu, akaitazama bahari, inajaa, akarudi nyumbani.

Praxeda alikaa kwenye jiwe lake. Alianza kusoma na sisi tukaanza kuponda, maana kazi ni kazi, hata kama mwandishi ni mjukuu wa mtu. Kwenye ndoo nikasikia upande wa kushoto umenyamaza. Kwenye mama wa Siti na chakula, magongo mengine yakalala. Siti alipokaa juu ya mawe sikusikia gongo hata moja, ila langu. Mimi niliendelea kuponda, mume wangu, nisingekupa urahisi huo. Kaa akabana kidole, nikaponda. Akakojoa, wakacheka mpaka wakashikana, nikaponda. Mtoto akapiga teke. Hapo nikaliweka gongo chini.

Praxeda akasoma mpaka Siti anapofika kwa mama yake na nguo majimaji, na mama yake anamwambia, "Muhogo wako nimekuwekea." Ukaishia hapo. Hukuongeza kitu. Maji yalikuwa yameanza kutufikia miguuni na hakuna aliyeondoa mguu.

Kisha Praxeda akageuza karatasi, akasafisha koo, akasoma, "Neno la Mchapaji. Enyi wasichana wa leo, yawafaa kuzingatia ya kwamba..."

Magongo yakaanza. Po, po, po. Yote.

Bibi yako na mkeo,
Mastura binti Mselem, wa shimo